Misitu ya kelpi inavyoamua hatima ya samaki wa pwani

MTU anayepita kwa boti karibu na pwani ya California, nchini Marekani, anaweza kuona majani ya rangi ya kahawia yakielea juu ya maji na kudhani kuwa ni taka zilizosukumwa na mawimbi. Kumbe chini yake umesimama msitu mzima, wenye mashina marefu kuliko minazi, paa lake, vichaka vyake na wakazi wake. Msitu huo ni wa kelpi, na ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa ni samaki gani wataishi katika pwani hiyo, wangapi, na katika kina kipi.

Umuhimu wa suala hili umeonekana wazi zaidi katika miaka ya karibuni. Kati ya mwaka 2014 na 2016, zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa kelpi ulitoweka katika eneo la pwani lenye urefu wa kilomita zipatazo 350 kaskazini mwa California. Misitu kama hiyo imepungua pia Australia, na ule wa pekee uliokuwa Oman umeripotiwa kutoonekana tena. Swali linaloulizwa na wavuvi pamoja na wanasayansi ni moja: msitu ukiondoka, samaki watakwenda wapi?

Jibu ambalo utafiti wa zaidi ya nusu karne umelitoa ni kwamba samaki na msitu hutegemeana pande zote mbili. Msitu huwapa samaki makao, lakini samaki na wanyama wengine wawindaji ndio wanaoulinda msitu usiliwe ukaisha. Upande mmoja ukivunjika, wa pili nao huwa hatarini.

Kelpi ni nini?

Kelpi ni jina la jumla la aina za mwani mkubwa wa kahawia. Ingawa huonekana kama mti, kelpi si mmea kwa maana halisi ya kibiolojia. Haina mizizi inayofyonza chakula ardhini. Badala yake ina kishikizo, yaani fundo la nyuzi ngumu linaloung’ang’ania mwamba. Juu ya kishikizo huota shina jepesi linalopindapinda, lenye majani marefu, na katika baadhi ya aina kuna vibofu vya hewa vinavyoliinua shina kuelekea kwenye mwanga.

Kubwa kuliko zote ni kelpi jitu, ambayo wanasayansi huiita Macrocystis pyrifera. Hali ya bahari ikiwa nzuri, inaweza kurefuka kwa takriban sentimita 60 kwa siku moja, na kufikia urefu wa zaidi ya mita 30. Aina nyingine mashuhuri ni Nereocystis luetkeana, yenye kibofu kimoja kikubwa kileleni, ambayo hutawala kaskazini mwa California. Hii huota, kukomaa na kufa kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja.

Kelpi huhitaji mambo matatu: mwamba wa kujishikiza, mwanga, na maji baridi yenye rutuba nyingi. Rutuba hiyo huletwa hasa pale upepo unaposukuma maji ya juu kuelekea mbali na pwani, na maji baridi ya vilindini yakapanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana misitu hii hupatikana zaidi katika pwani za baridi na za wastani, ikiwa ni pamoja na magharibi mwa Amerika Kaskazini na Kusini, kusini mwa Afrika, kusini mwa Australia, New Zealand, Japani na Norway. Inakadiriwa kuwa kelpi huota katika takriban robo ya pwani zote za dunia.

Msitu wenye ghorofa

Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ni tambarare. Samaki mdogo anayeogelea katika maji matupu hana pa kujificha, na adui anaweza kumjia kutoka upande wowote. Kelpi hubadilisha hali hiyo kwa kuyajaza maji hayo, kuanzia mwambani hadi juu kabisa, kwa mashina na majani. Mahali palipokuwa na makao ya aina moja panakuwa na makao ya namna nyingi, moja juu ya jingine, mfano wa jengo la ghorofa.

Ghorofa ya chini ni ya vishikizo. Katikati ya nyuzi zake hujificha kaa wadogo, minyoo, konokono, kamba wadogo na viumbe wengine wengi. Hawa ndio chakula cha samaki wa sakafuni. Hapa pia huishi garibaldi, samaki wa rangi ya chungwa inayong’aa, ambaye mwaka 1995 alitangazwa rasmi kuwa samaki wa bahari wa Jimbo la California. Dume wa garibaldi hulima bustani ndogo ya mwani mwekundu juu ya mwamba, jike hutaga humo, na dume hubaki akiyalinda mayai kwa ukali mkubwa hata dhidi ya wapiga mbizi wanaomzidi ukubwa mara nyingi.

Ghorofa ya katikati ni ya mashina. Samaki wa miambani, ambao ni ndugu wa mbali wa samaki wenye miiba ya sumu wanaojulikana katika Bahari ya Hindi, huning’inia kati ya mashina bila kujisumbua, wakingoja windo lipite. Yupo pia samaki mwembamba wa rangi ya kahawia na kijani ambaye umbo lake linafanana mno na jani la kelpi, na hata akitikisika huyumba kama jani linavyoyumba na mawimbi. Chewa wa kelpi hupitapita humo akiwinda, na ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa sana na wavuvi wa ndoano kusini mwa jimbo hilo.

Ghorofa ya juu ni paa la majani yaliyotandazwa usoni mwa maji. Hapa ndipo penye msongamano mkubwa wa majani na kivuli kizito, na hapa ndipo wanapokaa samaki wachanga wa aina nyingi.

Ni vema kufahamu kuwa samaki wengi wa msituni humo hawali kelpi yenyewe. Wachache tu huyatafuna majani moja kwa moja. Wengi hula viumbe wadogo wanaoishi juu ya majani hayo, au wanaoletwa na mkondo kutoka bahari kuu. Wapo samaki ambao mchana hutoka pembezoni mwa msitu kula viumbe wanaoelea, na usiku hurudi kulala katika nyufa za mwamba. Kinyesi wanachokiacha humo huongeza rutuba mahali pale. Kwa njia hiyo chakula cha bahari kuu hubebwa hadi pwani na samaki wenyewe.

Kitalu cha samaki wachanga

Samaki wengi wa pwani huanza maisha yao wakiwa mbali na pwani. Mayai au vifaranga vyao huchukuliwa na mikondo, na huelea baharini kwa wiki au miezi kadhaa. Wakati wa kurejea ukifika, kifaranga mwenye urefu wa sentimita chache hana budi kupata mahali pa kutua haraka, kabla hajaliwa. Uhai wa kizazi kizima hutegemea hatua hiyo.

Hapa kelpi hufanya kazi mbili. Kwanza, msitu mnene hupunguza kasi ya mkondo wa maji unaopita ndani yake, na hivyo kifaranga hupata utulivu. Pili, majani humpa maficho pamoja na chakula.

Mwanabiolojia Mark Carr, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980 na 1990. Katika Kisiwa cha Santa Catalina alilinganisha maeneo yenye kelpi nyingi na yenye kelpi chache, na pia akabadilisha kwa makusudi wingi wa kelpi katika baadhi ya maeneo. Alibaini kuwa idadi ya chewa wachanga waliotua ilifuata wingi wa kelpi. Uchunguzi wake katikati mwa California ulionyesha pia kuwa aina kadhaa za samaki wa miambani hutua kwanza katika paa la kelpi, kisha huteremka ghorofa kwa ghorofa kadiri wanavyokua.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa uvuvi. Dhoruba ikiung’oa msitu katika majira ambayo vifaranga wanarejea, hasara haitaonekana mwaka huo. Itaonekana miaka kadhaa baadaye, pale kizazi ambacho kingekuwa kimefikia umri wa kuvuliwa kitakapokosekana nyavuni.

Hata hivyo, si sahihi kudai kuwa kelpi huwafaa samaki wote kwa usawa. Paa zito la kelpi jitu huzuia mwanga, na mwani mfupi wa chini hudhoofika. Watafiti Sally Holbrook na Russell Schmitt wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakishirikiana na Carr, walionyesha mwaka 1990 kuwa samaki wanaotafuta chakula katika mwani huo mfupi hupungua mahali ambapo kelpi jitu imeshamiri, wakati wale wanaohitaji majani marefu huongezeka. Kwa hiyo kelpi haiongezi tu idadi ya samaki. Huchagua nani akae na nani aondoke.

Fisi maji na nungunungu wa bahari

Adui mkubwa wa kelpi ni mnyama mdogo wa mviringo aliyejaa miiba, ambaye wenyeji wa pwani yetu huogopa kumkanyaga maji yanapokupwa. Katika makala haya tutamwita nungunungu wa bahari. Kelpi ikiwa tele, nungunungu hawa hukaa katika nyufa za mwamba wakingoja vipande vya majani vilivyokatika viwafikie. Wakizidi idadi, au chakula kikipungua, hutoka nje kwa makundi na kutafuna kishikizo. Kishikizo kikikatika, shina lote huelea na kupotea, hata kama lilikuwa na urefu wa mita 30.

Wanaomzuia nungunungu asizidi ni wawindaji wake. Maarufu kati yao ni fisi maji wa baharini. Mnyama huyu hana tabaka nene la mafuta kama sili, hivyo hulazimika kula kwa siku takriban robo ya uzito wake ili apate joto. Nungunungu ni chakula chake akipendacho.

Kuanzia mwaka 1741, baada ya msafara wa Vitus Bering kufika Alaska, wafanyabiashara wa ngozi walimwinda fisi maji kwa ajili ya manyoya yake hadi akakaribia kwisha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1911 ulisimamisha uwindaji huo, na makundi machache yaliyosalia yakaanza kuongezeka. Kwa kuwa aliongezeka katika visiwa vingine na kukosekana katika vingine, wanasayansi walipata nafasi adimu ya kulinganisha.

Mwaka 1974, James Estes na John Palmisano walichapisha matokeo ya ulinganisho huo kutoka Visiwa vya Aleuti, Alaska. Kisiwa cha Amchitka, kilichokuwa na fisi maji wengi, kilizungukwa na msitu mnene. Kisiwa cha Shemya, kisichokuwa na fisi maji, kilikuwa na sakafu iliyojaa nungunungu na karibu hakuna kelpi. Tofauti hiyo ilifika hadi kwa ndege. Mahali penye fisi maji, shakwe walikula samaki zaidi. Mahali pasipo na fisi maji walitegemea wanyama wadogo wa miambani.

Jaribio hilo la asili lilijirudia kinyumenyume katika miaka ya 1990, fisi maji walipopungua ghafla katika visiwa hivyo. Estes na wenzake walieleza mwaka 1998 kuwa sababu iliyoelekea zaidi ni kuliwa na nyangumi wauaji. Nungunungu wakaongezeka, kelpi ikaliwa, na samaki wa msituni wakapungua mno ikilinganishwa na miaka ya 1980. Ilidhihirika kuwa kumwondoa mnyama mmoja asiyekula jani hata moja kunaweza kuufyeka msitu mzima pamoja na samaki wake.

Charles Darwin aliliona jambo hili mapema. Akiwa katika Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Amerika, mwaka 1834, aliandika kuwa kuharibiwa kwa misitu ya kelpi kungeangamiza viumbe wengi kuliko kuharibiwa kwa msitu wa nchi kavu. Alieleza kuwa samaki wakikosa makao, ndege aina ya mnandi, fisi maji na sili wangefuata, na mwishowe binadamu waliowategemea.

Samaki nao ni walinzi

Fisi maji si mlinzi pekee. Kusini mwa California, ambako kwa muda mrefu hakuonekana, kazi hiyo hufanywa na kambakochi pamoja na samaki mmoja mwenye taya nene, ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya kichwa cha kondoo. Samaki huyu huzaliwa jike na baadaye baadhi yao hugeuka madume. Wale wakubwa ndio wenye uwezo wa kuvunja gamba la nungunungu. Kwa kuwa wavuvi hupendelea samaki wakubwa, uvuvi uliokithiri huondoa hasa walinzi walio hodari.

Katika Kisiwa cha Anacapa, sehemu ndogo ilifungwa kwa uvuvi mwaka 1978. Miaka mingi baadaye, watafiti walikuta ndani ya hifadhi hiyo kelpi imedumu, huku maeneo ya jirani yanayovuliwa yakiwa yamegeuzwa jangwa na nungunungu mara kwa mara. Nchini New Zealand, hifadhi iliyoanzishwa Leigh mwaka 1975 ilitoa ushahidi unaofanana na huo: samaki wakubwa na kambakochi waliporejea, nungunungu walipungua na kelpi ikaota tena kwenye miamba iliyokuwa mitupu.

Pwani ya Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ilipitia hali iliyo kinyume. Uvuvi wa kupita kiasi ulipowamaliza samaki aina ya chewa wa baridi, ambao Wazungu huwakausha kwa chumvi, nungunungu walitawala na kelpi ikatoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la mayai ya nungunungu lilifunguka Japani, na nungunungu wenyewe wakavuliwa kwa wingi. Kelpi ilirudi, lakini samaki wale hawakurudi. Nafasi yao ilichukuliwa na kaa.

Msitu unapokufa

Maafa ya kaskazini mwa California yalikuja kwa kufuatana. Mwaka 2013 ulianza ugonjwa uliowashambulia viti vya pweza katika pwani yote ya magharibi. Aliyeathirika zaidi ni kiti cha pweza alizeti, mwenye mikono inayofikia 24 na upana wa karibu mita moja, ambaye ni mlaji mkubwa wa nungunungu. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 90 ya viumbe hao walikufa, na mwaka 2020 aliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2025, watafiti walitangaza kuwa wamebaini bakteria aitwaye Vibrio pectenicida kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa huo.

Kabla pwani haijapumua, wimbi la joto la bahari liliikumba kati ya mwaka 2014 na 2016. Maji ya joto hayana rutuba ya kutosha, na kelpi ikadhoofika. Fisi maji hakuwapo kaskazini huko, kwani kundi lake la California linaishi katikati mwa jimbo. Nungunungu wa zambarau, wakiwa hawana wa kuwazuia, waliongezeka takriban mara 60 katika baadhi ya maeneo yaliyopimwa, wakaumaliza msitu.

Athari kwa watu zilikuwa za haraka. Konokono mkubwa aitwaye abaloni mwekundu, anayekula kelpi, alikufa kwa njaa kwa wingi. Uvuvi wake wa burudani, uliokuwa ukikadiriwa kuingiza dola milioni 44 kwa mwaka, ulifungwa mwaka 2018. Wapiga mbizi waliokuwa wakivuna nungunungu wekundu kwa ajili ya mayai yao nao walikosa biashara, kwani nungunungu wenye njaa huwa watupu ndani.

Ubaya zaidi ni kwamba jangwa hilo halijirekebishi kwa urahisi. Nungunungu wa zambarau anaweza kuishi miaka mingi bila chakula cha kutosha, akingoja. Chipukizi lolote la kelpi linalojitokeza huliwa kabla halijakomaa. Joto likishapungua, msitu hauwezi kurudi maadamu mlaji bado ameketi mlangoni.

Wageni kutoka maji ya joto

Australia imeonyesha njia nyingine ya msitu kupotea. Mwaka 2011, wimbi kali la joto liliipiga pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Thomas Wernberg na wenzake waliripoti mwaka 2016 kuwa msitu wa kelpi ulirudi nyuma kwa umbali wa kilomita zipatazo 100. Joto lilipopungua, wengi walitarajia kelpi ingeota tena. Haikuota.

Sababu ilikuwa samaki. Pamoja na maji ya joto walifika samaki wa kitropiki wanaokula mwani, wakiwamo tasi na pono, jamii zilezile zinazouzwa katika masoko ya samaki ya Mombasa, Tanga na Zanzibar. Samaki hao walizila chipukizi za kelpi kila zilipoota. Katika maji ya matumbawe, ulaji wao ni wa manufaa kwa kuwa huzuia mwani kuyasonga matumbawe. Katika msitu wa kelpi, tabia hiyohiyo iligeuka kuwa kizuizi cha msitu kurejea.

Huko Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mkondo wa joto umebeba nungunungu mwenye miiba mirefu kutoka kaskazini hadi maji ambayo zamani yalikuwa baridi mno kwake. Kelpi jitu imetoweka karibu kabisa katika pwani ya mashariki, na mwaka 2012 misitu hiyo iliorodheshwa na serikali ya Australia kuwa mfumo wa ikolojia ulio hatarini.

Afrika, Oman na pwani yetu

Barani Afrika, msitu mkubwa wa kelpi upo Afrika Kusini na kuendelea hadi Namibia, ukilishwa na maji baridi ya mkondo wa Benguela. Watazamaji wengi duniani waliuona kupitia filamu ya mwaka 2020 kuhusu urafiki wa mpiga mbizi na pweza, My Octopus Teacher, ambayo mwaka 2021 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu. Si kila mahali kelpi inapungua: katika Afrika Kusini aina moja kubwa imeonekana ikisogea mashariki tangu mwaka 2006.

Oman ilikuwa na msitu wa ajabu zaidi. Katika pwani ya Dhofari, ambako jua ni kali, upepo wa kusi huyainua maji baridi ya vilindini kila mwaka katikati ya mwaka. Ubaridi huo wa msimu uliiwezesha kelpi aina ya Ecklonia radiata kuishi mbali sana na ndugu zake wa kusini mwa dunia. Ripoti ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2022 ilieleza kuwa wapiga mbizi waliokwenda kuitafuta hawakuiona tena.

Pwani ya Kenya na Tanzania haina kelpi, kwa kuwa maji yake ni ya joto mno. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine kabisa. Lakini kazi ya kitalu ipo, na hufanywa na nyasi za bahari, mikoko na matumbawe. Tasi, changu na pono wachanga hujificha katika nyasi za bahari kama chewa wa California anavyojificha katika paa la kelpi.

Hata hadithi ya nungunungu ipo hapa. Utafiti wa miaka mingi wa Tim McClanahan katika miamba ya Kenya umeonyesha kuwa nungunungu wa bahari ni wengi zaidi katika maeneo yanayovuliwa sana kuliko katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968. Mlinzi mkuu ni kikande, samaki mwenye meno magumu anayewavunja nungunungu. Kikande akimalizwa, nungunungu huongezeka, wakaharibu nyasi za bahari na kumomonyoa matumbawe.

Je, msitu unaweza kurudishwa?

Zipo juhudi zilizoonyesha mafanikio. Tangu mwaka 2013, wapiga mbizi katika rasi ya Palos Verdes, karibu na jiji la Los Angeles, wamekuwa wakiteremka na nyundo kuwapunguza nungunungu wa zambarau. Kelpi ilirejea mahali walipofanya hivyo, pengine ndani ya miezi michache, na samaki wakafuata. Katika Jimbo la Washington, Chuo Kikuu cha Washington kimekuwa kikizalisha viti vya pweza alizeti kwenye matangi tangu mwaka 2019, kwa lengo la kuwarudisha baharini siku moja.

Hata hivyo nyundo haiwezi kuilinda pwani yenye mamia ya kilomita milele. Kazi hiyo inawahitaji walinzi wa asili: fisi maji, kiti cha pweza, kambakochi, na samaki wakubwa walioachwa wakue. Aidha, hakuna mlinzi awezaye kuizuia bahari isipate joto. Hilo linategemea hatua za nchi zote katika kupunguza hewa chafu inayoongeza joto duniani.

Kwa miaka mingi, sera za uvuvi zilihesabu samaki kama mtu anayehesabu magunia ghalani: wangapi wamevuliwa, wangapi wamebaki. Misitu ya kelpi imeonyesha kuwa hesabu hiyo haitoshi. Anayevua samaki mkubwa anamwondoa pia mlinzi wa makao ambayo samaki wadogo watayahitaji msimu ujao. Hilo linamhusu mvuvi wa Monterey, na linamhusu vilevile mvuvi wa Kunduchi anayemkuta kikande katika dema lake.